Mlio Uliotoka na Oili ya Zamani

Pikipiki ninayoendesha ilikuwa ya mdogo wangu. Kabla sijaeleza yaliyotokea nilipoibadilishia oili, inafaa nieleze kwanza jinsi ilivyokuwa ikilia.

Ilinguruma kama pikipiki nyingine zote za hapa kwetu, lakini juu ya ngurumo hiyo kulikuwa na mdundo mwembamba, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko akiwa chumba cha pili. Ukikaa karibu nayo hukuusikia sana. Uliusikia ukiwa mbali. Nyumbani kwetu ni juu kilimani, upande wa Tarime, na barabara inapanda kutoka kijitoni, inazunguka jabali moja kubwa, ndipo inanyooka hadi uani. Pikipiki ikifika kwenye ile kona ya jabali, bonde linaupokea mlio na kuuleta juu kabla ya mwendeshaji mwenyewe. Mama aliujua mlio huo kama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, kwa hiyo masikio ndiyo yaliyomfungulia mlango.

Mdogo wangu aliuza dawa za mifugo. Alizunguka vijijini akiwa na boksi la baridi nyuma ya siti, na kila alipopita nyumbani aliwaletea ng'ombe wa mama chumvi. Nao walijifunza. Tak, tak ikisikika konani, ng'ombe wote waliinua vichwa na kusogea kwenye uzio. Mama alitoka ndani na kigoda, akamtilia maji ya kunawa.

Mdogo wangu alifia kwangu, Mugumu, baada ya kuugua siku chache. Alikuwa mtu wa mizaha, tumbo likimsokota yeye anacheka, na sisi tukicheka naye, mpaka siku tulipojua kwamba hatukupaswa kucheka. Tulimpandisha nyumbani kwa gari. Gari lile lilikwenda polepole sana, hata watu waliokuwa uani hawakujua limefika mpaka lilipozimwa. Wiki ya pili ya msiba mama aliniambia kwa Kikurya, taratibu, kama mtu anayetaka ukweli uwekwe sawa: "Aliondoka na mlio, amerudi bila mlio." Pikipiki ilikuwa imebaki barazani kwangu, imefunikwa turubai.

Ilikaa hapo miezi. Mimi ni mwalimu wa sayansi, shule yangu iko upande wa Manchira, na nilikuwa nakwenda nyumbani kwa basi kila Jumamosi ya pili. Siku moja nilichoka kusubiri basi, nikaitoa pikipiki barazani, nikaisafisha, nikabadilisha oili kwa aina ileile aliyoizoea marehemu, oili ya kawaida, nikaenda nayo. Sikumwambia mtu.

Nilipotokeza uani ng'ombe walikuwa wamejipanga uzioni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na mbele yake, juani, kulikuwa na vigoda viwili na beseni la maji.

Nilidhani kimoja ni cha mama mdogo. Mama mdogo ni ndugu yake mama, mjane, wanaishi pamoja, naye ana ulimi mkali lakini moyo mweupe. Nilipomwashiria aketi alitikisa kichwa. Alinivuta kando, akaninong'oneza kwamba dada yake alisikia mlio, akatoa kigoda kimoja, akasimama kidogo, kisha akarudi ndani kuchukua cha pili. "Mimi sikiketii," alisema. "Sijui ni cha nani." Niliketi kwenye changu. Kile kingine kilibaki kando yangu mpaka jua likashuka, na mama alipokuwa akiongea aligeuza uso mara kwangu, mara kwenye kigoda kile.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mzima. Mama hakuwa na kichaa, na ningependa msomaji asimwone hivyo. Alijua mwanawe amezikwa wapi, alipalilia pale kwa mkono wake. Alijua pia kwamba anayeendesha ni mimi. Lakini alihesabu watu kwa mlio, na mlio ulimpa wawili. Siku nilizokuja alikula vizuri na kulala vizuri. Mimi mwenyewe, baada ya muda, nilianza kukiwekea kofia yangu ya pikipiki kile kigoda cha pili, ili kisikae kitupu.

Sasa oili.

Kutoka Manchira hadi kilimani kwetu ni mbali, barabara ina vumbi na miinuko, na injini ile ilikuwa ikichemka. Nikamwendea fundi wangu wa Mugumu. Fundi yule ana kawaida ya kuisikiliza injini kama daktari: anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya silinda, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Alisikiliza, akasema injini imechoka lakini haijafa, na kwamba kama nataka kuendelea na safari hizi ndefu, nihamie oili ya sintetiki.

Kama hujawahi kubadilisha, usiogope, jambo lenyewe si gumu. Oili ya kawaida ni kama mahindi yaliyopukuchuliwa tu: punje kubwa, punje ndogo, na vumbi kidogo. Inafanya kazi, ila ikipata moto sana inachoka mapema, na asubuhi ya baridi inakuwa nzito. Ya sintetiki ni kama mbegu iliyochaguliwa, punje zote saizi moja. Inateleza sawasawa, inavumilia joto, inafika haraka juu ya silinda ukiwasha tu. La kuangalia ni moja: nunua iliyoandikwa kwamba ni ya pikipiki. Ya gari ina utelezi wa kulifaa gari, lakini kwenye pikipiki klachi inaoga ndani ya oili hiyohiyo, na klachi ikiteleza hupandi mlima. Zaidi ya hapo ni kupasha injini moto kidogo, kufungua nati ya chini, kuacha yote ichuruzike, kubadilisha chujio kama lipo, kufunga, kumimina mpya, kupima.

Fundi alitega dumu chini. Oili ilitoka nyeusi, nzito, na mwishoni ikaja kama uji. Alichovya kidole, akakisugua.

"Mura," aliniambia, kama Wakurya tunavyoitana wanaume, "injini ya zamani ina uchafu uliozoea kuishi humo. Hii mpya inasafisha. Uchafu ukitoka, angalia usije ukatoka na kitu kingine."

Nilicheka, nikamwuliza kitu gani. Akasema yeye ni fundi, si mganga. Nipime oili kila wiki, basi. Alitaka abaki na ile oili chafu, mafundi huitumia, lakini nilimnyima. Kwetu oili chafu haitupwi. Tunapaka nguzo za zizi ili mchwa wasizile. Mdogo wangu alimletea mama dumu kila alipobadilisha, na mama alizipaka nguzo mwenyewe kwa kitambaa, moja baada ya moja, mpaka ardhi yote ya pembeni ya zizi ikawa nyeusi. Nami niliendeleza. Nililifunga dumu nyuma ya siti, mahali pa lile boksi la baridi, nikawasha.

Ilikuwa kama kuwasha pikipiki ya mtu mwingine. Gia ziliingia laini, injini ilivuma kwa sauti ya chini. Ile tak, tak haikuwapo. Wajuzi wameniambia baadaye kwamba oili peke yake hainyamazishi injini kiasi hicho. Huenda. Mimi naeleza nilichosikia, au nisichosikia.

Jumamosi ile nilipanda kilimani kimya. Nilipita kona ya jabali na hakuna kilichoinuka bondeni. Ng'ombe walikuwa wakicheua, hakuna aliyegeuka. Mama alikuwa ameketi kizingitini, uso wake umeelekea konani, na sikujua kama amenisikia mpaka kivuli changu kilipomwangukia miguuni. Alishtuka, akanyoosha mkono kukishika.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Na pikipiki."

"Ipi?"

Nilimwambia ileile. Nilimwongoza mkono mpaka kwenye tangi, akaligusa, akagusa siti, akagusa lile dumu la oili chafu, akavuta harufu yake kwa muda mrefu. Kisha alikwenda ndani na kurudi na kigoda kimoja. Aliketi kizingitini, ndipo akauliza, bila hasira yoyote, kama unavyomwuliza mtoto aliyesahau jembe shambani: "Umemwacha wapi?"

Mama mdogo alipitia pale na ndoo, akasema pikipiki langu sasa limekuwa paka, linaingia na kutoka bila mtu kujua, na kwamba mwanamume wa Kikurya asiyesikika akija ni wa kuogopwa. Alitaka tucheke. Jioni ile mama alizipaka nguzo zote oili chafu, hata zile alizozipaka mwezi uliopita, akilipangusa dumu mpaka tone la mwisho.

Baada ya hapo alianza kupungua. Mama mdogo alinipigia simu katikati ya wiki: hali chakula cha jioni, anakaa na kuelekea konani, ukimwuliza anasema anasubiri waliobaki njiani. Nilipokuja aliniandalia kigoda kimoja. Kila mara kimoja.

Na ndipo likaja jambo la macho. Mhudumu wa afya wa kijiji alitangaza kwamba madaktari wa macho watakuwa Tarime mjini, pale Bomani, kwa siku tatu. Alikuwa amekwisha kumpima mama. La kulia, alisema, limechelewa. La kushoto bado lina nafasi, ila lisisubiri mwaka mwingine. Kwa maneno mengine, mama alikuwa na jicho moja la kuokoa na siku tatu za kuliokoa.

Mama alikataa. Alisema mdogo wangu alikwisha kumwahidi kwamba atampeleka yeye, kwa pikipiki, na ahadi ya mtu haichukuliwi na mwingine njiani. Nilimweleza kwa upole, nikamweleza tena. Nimefundisha watoto miaka mingi, najua kueleza. Mama mdogo alimweleza kwa ukali. Bodaboda wa jirani alijitolea. Mama alisikiliza wote, akasema, "Akija, nitakwenda."

Nilirudi Manchira nikiwa nimeshindwa. Niliomba ruhusa ya siku chache kazini, na Jumamosi kabla ya wiki ya madaktari nikaanza safari tena, bila kujua nitamwambia nini.

Nilikuwa nimevuka daraja la Mto Mara na kuanza miinuko ya upande wa pili. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua kali, barabara tupu. Nilikuwa nikiongea peke yangu, nikiyapanga maneno ya kumwambia mama. Nikasikia kijiko kwenye sufuria.

Tak. Kisha kimya. Kisha tak, tak.

Nilipunguza mwendo, kikapungua. Nikaongeza, kikaongezeka. Kabla sijaogopa nilifurahi. Naliandika hili wazi kwa sababu ndilo kosa langu la kweli. Mimi, ninayewafundisha watoto msuguano ubaoni, nilisikia chuma kikigonga chuma na nikatabasamu. Nilisema kwa sauti, "Umerudi, mura?" na injini ikanijibu mpaka kilimani.

Konani bonde liliupokea mlio. Nilipotokeza, ng'ombe walikuwa uzioni, vichwa juu. Mama alikuwa wima katikati ya uwanja, na vigoda vilikuwa viwili.

Alikula ugali wote jioni ile na kuomba kuongezewa mboga za saga, mgagani wa kwetu. Alimwagiza mama mdogo amfulie kitenge chake kizuri. "Jumatatu tutakwenda," alisema, na alipokuwa akisema aligeuza uso mara kwangu, mara kwenye kile kigoda cha pili.

Jumapili mchana, watu wakiwa hawajarudi kanisani, nilikwenda kuitazama pikipiki. Naiegesha siku zote pembeni ya zizi, penye kivuli. Niliinama kukaza cheni na kiganja changu kikagusa ardhi, kikatoka na unyevu. Ardhi pale ni nyeusi miaka yote kwa oili ya nguzo, hakuna anayeitazama. Lakini hii iliyokuwa kiganjani haikuwa nyeusi. Ilikuwa safi, rangi ya asali.

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Kilikuwa kikavu.

Nitaeleza kilichotokea, kwa sababu kinaweza kumtokea yeyote mwenye injini ya zamani. Penye shafti inayozungusha cheni kuna sili, mpira mdogo wa kuzuia oili isitoke. Mpira ule ulikwisha kukakamaa na kupasuka siku nyingi, lakini uchafu wa miaka ulikuwa umeuziba, kama udongo unavyoziba ufa wa ukuta. Oili mpya ikauosha uchafu. Ufa ukabaki wazi. Wiki baada ya wiki oili ilidondoka tone kwa tone, Manchira kwenye mchanga wa uwanja wa shule, na hapa juu ya ardhi ambayo tayari ilikuwa na oili. Na mimi, kwa kuwa nilisikia kwamba ya sintetiki inadumu, sikupima hata mara moja. Mlio uliorudi ulikuwa injini inayokauka.

Nilikuwa na chupa moja kwenye mfuko wa siti, haijafunguliwa. Niliichukua, nikaketi nayo kwenye jiwe.

Nikiimimina, injini itanyamaza, kigoda kitabaki kimoja, na mama hatapanda. Jicho litakwenda. Nisipoimimina, mama atapanda kesho asubuhi akiwa na furaha, na tutashuka mteremko wa jabali na injini isiyo na oili. Huenda tukafika. Au pistoni ishikane na silinda, gurudumu la nyuma lijifunge ghafla, na mama yangu aliye nusu kipofu arushwe penye mawe. Nilijiambia ni safari fupi tu, saa moja hivi. Nilijiambia hivyo mara mbili, na mara ya pili haikuwa sauti yangu niliyoisikia. Ilikuwa na mzaha ndani yake, ule mzaha wa mtu anayesema tumbo haliumi.

Nikainuka, nikamwita mama.

Alikuja akipapasa nguzo za zizi moja moja. Nilimketisha kwenye lile jiwe, nikampa kijiti mkononi. Nilimwambia avute kidole juu yake. Akasema ni kikavu. Nilimwambia kinatakiwa kiwe na oili mpaka kwenye alama, na nikamwekea ukucha wake kwenye alama.

"Mama, ule mlio si wake. Ni chuma kinalia kwa kukosa oili."

Ng'ombe walikuwa wamesimama uzioni, ingawa injini ilikuwa imezimwa tangu jana.

"Hata zamani?" aliuliza. "Alipokuwa akija yeye?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nililifikiria pale, nimesimama mbele yake. Mdogo wangu alizunguka kutwa, alibadilisha oili alipokumbuka, alisema injini ni kama yeye, haihitaji kubembelezwa.

"Hata zamani," nilisema. "Ilikuwa ikilalamika."

"Nami nikifurahi."

"Sote, mama."

Alikigeuzageuza kijiti vidoleni kwa muda. Kisha akanyoosha mkono mwingine. "Nipe hiyo oili."

Alimimina mwenyewe, mimi nikimshikia mdomo wa chupa penye tundu. Alimimina polepole sana, kama anayemnywesha mgonjwa, akisimama kila baada ya kidogo ili ashuke vizuri. Alisema "ashuke" badala ya "ishuke", sikumrekebisha. Chupa ilipoisha nilipima, ikafika kwenye alama. Niliwasha. Injini ilivuma chini, laini, bila kijiko. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama fundi wa Mugumu, macho yamefumba. Sikuthubutu kumwuliza kuhusu Jumatatu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amekwisha vaa kitenge.

Alipanda nyuma yangu, akasogea mbele mpaka nikabanwa na tangi. Nilimwambia nafasi ipo nyuma, akae vizuri. Alisema yuko vizuri. Tulipoondoka, ng'ombe walitufuata ndani ya uzio mpaka pembe ya mwisho. Sikuwa na chumvi, na pikipiki haikuwa na mlio wa kuwaita. Mteremkoni ilitulia. Lakini penye miinuko ya kuingilia mjini, ambapo napanda kwa gia ya tatu nikiwa na mtu mmoja, nilirudisha ya pili, na bado ilivuta kwa uzito, kama wakati vijana wanapopakiana mshikaki, watatu kwenye siti moja. Mama ni mwembamba. Nilimweleza yeye, au nilijieleza mwenyewe, kwamba tairi huenda lina upepo mdogo. Alipiga bega langu mara mbili. Njia nzima hakurudi nyuma hata kidogo. Pale Bomani, nilipozima, aliteremka, akasimama akiitazama siti kwa macho yasiyoona, kwa muda uleule ambao mtu mwingine angetumia kuteremka. Ndipo akashika mkono wangu, tukaingia.

Walimfanyia upasuaji wa jicho la kushoto Jumanne. Alipokuwa ndani nilimpata fundi jirani, akanibadilishia sili na kuongeza oili. Nilipima tairi pia. Upepo ulikuwa kamili.

Jumatano walimfungua bandeji. Alinitazama kwanza mimi, akasema nimezeeka na nikanyoe. Aliitazama mikono yake. Nje aliitazama pikipiki, mara ya kwanza baada ya miaka, akasema alidhani ni nyekundu. Ni ya bluu. Walimpa dawa ya matone na miwani ya jua, akakataa kuivaa mpaka daktari mwenyewe alipombembeleza.

Tulirudi nyumbani jioni, jua likiwa bado juu ya kilima. Injini haikuwa na sauti ya kumzidi nyuki. Tulizunguka jabali, mama akiutaja kila mti anaouona, huu upo, ule wameukata. Alikuwa amekaa vizuri siti nzima, hakunibana. Nilitaka kumfanyia mzaha mama mdogo, tumtokee ghafla kama paka aliyemsema.

Uani kulikuwa na beseni la maji na vigoda viwili.

Mama mdogo alitoka jikoni akipangusa mikono, akamkumbatia dada yake, akalia kidogo, akampima jicho kwa vidole: hivi ni vingapi? Kisha akanigeukia mimi, akanilaumu. Chakula kimepoa, alisema. Tulikuwa wapi muda wote huo? Tulisimama kuongea na nani hapo konani?

Nilimwambia hatukusimama.

"Nimekusikia," alisema. "Jua lilikuwa pale." Alionyesha juu ya mti, kama nusu saa nyuma. "Tak, tak, nikasema haya, wamefika. Nikatoa vigoda. Nikatia maji. Nikakaa."

Aliyesema hivyo ndiye aliyekataa kukiketia kile kigoda kwa kuwa hajui ni cha nani. Alipoziona nyuso zetu, aliitazama pikipiki niliyoiacha ikivuma pale pembeni ya zizi, kimya kama ilivyo. Nilikwenda kuizima. Nilipima oili. Ilikuwa kwenye alama.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama mbele ya vile vigoda, ameivua miwani ya daktari. Alivitazama kimoja kimoja kwa jicho lake jipya, kwa utulivu, kama anayesoma. Mwaka mzima hakuwahi kuketi pale pamoja nami, sikuzote alikaa kizingitini. Sasa alikunja kitenge, akaketi kwenye kile cha pili.

"Kina joto," alisema.

Nilimweleza kwamba jua la jioni hupiga upande ule. Ni kweli, hupiga. Hata hivyo sikukigusa. Mama alininawisha mikono, tukala.